Nimelipia kalenda ya mwaka mzima Unguja, nikaishia kumpigia shangazi kuuliza mwezi

Naandika hii kwa wenzangu wa Dar ambao kila Januari tunasema mwaka huu lazima Zanzibar, halafu Desemba tunajikuta Kigamboni tunakula mihogo. Mimi na mume wangu 2024 tukasema basi, safari hii tufanye kweli. Kuna jamaa anauza huduma ya kupangiwa mwaka, yaani unamlipa laki na nusu anakutengenezea kalenda ya matukio yote ya Mji Mkongwe na mashamba, anakukatia tiketi za boti, anakutafutia chumba, nauli na hoteli unalipa mwenyewe ila kazi yako ni kubeba begi tu. Jina simtaji maana si mtu mbaya, simu anapokea, na kwenye biashara hizi anayepokea simu ukishamlipa ni wa kushukuru. Nampa nyota mbili na nusu kati ya tano na zote ni za boti na vyumba. Kwenye kalenda yenyewe hana nyota.

Alitutumia faili zuri asikwambie mtu, picha za mitumbwi, rangi rangi, kila mwezi na ukurasa wake. Februari tamasha, Machi mapumziko, Juni Idi, Julai Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, na filamu, Desemba fataki. Januari kaiacha tupu, hajaandika hata Mapinduzi, na 2024 ndo ilikuwa miaka 60 ya Mapinduzi na kombe limechezwa Amaan uwanja ukiwa umetoka tu kukarabatiwa. Ila hapo mume wangu hakulalamika sana maana yeye ni Simba, na fainali Mlandege iliwafunga moja bila, bora machungu hayo aliyapatia nyumbani kwenye kochi.

Basi tukaanza na Februari, Sauti za Busara, tarehe 9 mpaka 11 pale Ngome Kongwe. Hii mi sina neno. Tamasha lipo tangu 2004 na sharti lao ni muziki upigwe laivu, hakuna mtu kuja na flashi kuchezesha mdomo, na kwa Mtanzania kiingilio ni cha chini kuliko cha mgeni. Unakaa kwenye majani ndani ya kuta zile nene za Waarabu wa Omani, joto la kaskazi limekushika shingo, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa, halafu mtu anaanza kupiga gambusi unasahau.

Ila kilichonishangaza siku hizo hakikuwa kwenye kalenda kabisa. Jioni kabla ya muziki tukatoka hapo nje Forodhani, kama saa kumi na moja hivi, nikakuta watu wamejipanga ukutani kama wanasubiri meli. Vijana wanapiga makachu. Kama hujaona makachu nikueleze, kijana anarudi nyuma mpaka kwenye bustani, anakuja mbio peku, wenzake wameinama pale kwenye ukingo anawaruka wote, anajikunja hewani mara mbili halafu pwaa baharini, watu wanapiga kelele, na kabla povu halijatulia mwingine keshatoka mbio. Mwanangu wa miaka tisa hakutaka kuondoka, urojo ukapoa mkononi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka yanagonga ukuta. Nikasema hii bure kabisa na ni kitu kizuri kuliko vyote, kwa nini jamaa hajaandika?

Nikaja kupata jibu Juni, na jibu alinipa shangazi.

Shangazi yangu anakaa Michenzani, kwenye yale maghorofa ya Karume. Tulimfuata Idi kubwa, jamaa kaandika kwa wino mzito kabisa IDI JUMAPILI TAREHE 16 JUNI, boti ya kurudi Jumatatu tarehe 17 saa moja asubuhi. Na mimi kwa akili zangu nikaona sawa, Jumapili tunasali tunakula, watoto wanatembezwa, Jumatatu tumerudi. Ijumaa usiku tunafika kwa shangazi kusalimia, boti imetuchapa maana Juni ni kusi na mkondo ulikuwa umechafuka, wale wafanyakazi wa boti wanapita na vimifuko kila dakika, mi nilitumia viwili, sitaki kuongelea. Shangazi ananipa chai ya mchaichai ananiambia, "Mwanangu, mnarudi lini?" Nikamwambia Jumatatu asubuhi. Akaniangalia. "Yaani Idi mnaondoka?"

Nikamwonyesha faili kwenye simu. Akalisoma lote, kavaa miwani na kila kitu, akanirudishia. "Huyu kijana wenu kaandika Idi ya Makka. Sisi yetu Jumatatu." Na kweli, wapo waliosali Jumapili, hilo kule ni la kila mwaka na watu washazoea, jirani huyu anakula pilau na jirani yule kafunga Arafa, lakini Idi ya serikali, Idi ya mji mzima kutoka nje, ilikuwa Jumatatu 17. Sa kumi na mbili asubuhi ndo tulitakiwa kuwa bandarini na mabegi, wakati watu wanaelekea kusali na kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata.

Tiketi tukaziacha zife. Nne. Chumba cha hoteli nacho kilikuwa kinaisha asubuhi hiyo, tukahamia sebuleni kwa shangazi kwenye mkeka, na kusema kweli ndo siku nilofaidi kuliko zote za mwaka. Watoto wanapita mlango kwa mlango wanadai sikukuu yao, "nipe sikukuu yangu", wangu wa Tabata mwanzo waliona haya, kufika mchana washajua mlango gani unatoa mia tano na upi unatoa pipi. Jioni wakapelekwa kwenye michezo Mnazi Mmoja, vibembea, bastola za maji, nguo mpya zote zimeshaharibika. Shangazi anasema hiyo si kitu, enzi zao Idi bila tarabu ya Malindi haikuwa Idi, Ikhwani Safaa walipiga mpaka alfajiri, na kikundi kile ni cha 1905 kwa hiyo hata mama yake alikwenda kuwasikiliza. Bosi wangu nilimwambia nimeugua tumbo, na kwa ile boti si uongo sana.

Sa hapo ndo nikamuuliza shangazi habari ya makachu, maana jioni ya Idi tulikwenda Forodhani mwanangu kajiandaa kuangalia, tukakuta maji yako chini, mawe yako wazi, vijana wamekaa wanakula miwa. Shangazi akacheka. "Leo mwezi kumi, maji mafu. Mtaona nini?" Akanifundisha, na hili mi sijawahi kuliona kwenye faili la mtu yeyote anayeuza safari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na kwa pale mjini bamvua maji yanajaa alasiri kuelekea jioni, ndo makachu yenyewe. Mwezi ukiwa nusu, jioni maji yanakuwa yametoka. Sasa Idi ndogo siku zote ni mwezi mosi, kwa hiyo siku zote jioni yake ina makachu, na Idi kubwa siku zote ni mwezi kumi, kwa hiyo usisumbuke. Nikarudi kuangalia Februari, kumbe mwezi uliandama wikiendi ile ile ya tamasha. Tulibahatisha tu!

Machi ndo sitaki hata kuanza. Kaandika "mapumziko ya wikiendi, chakula cha mchana mjini", tarehe 23. Ramadhani ilishaanza tangu tarehe 12! Mimi mwenyewe nafunga, nilikuwa nile wapi hicho chakula cha mchana, na hata angekuwa mteja asiyefunga, mchana mji umefunga milango, unaamka saa moja usiku baada ya futari. Hiyo nilimwambia aifute, akaipeleka mwanzoni mwa Mei. Masika. Nikamwambia hiyo nayo futa, na ikawa kheri, maana tarehe 3 na 4 Mei ndo kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja Mafia na boti zikasimamishwa. Hata asingekuwepo Hidaya, Mei nani anakwenda kuogelea kwenye mvua.

Jambo lingine, kwenye ukurasa wa Februari kaweka "kutembelea makumbusho Beit el Ajaib". Jengo lile sehemu yake liliporomoka Desemba 2020 na tulilikuta limefungwa linatengenezwa. Maana yake faili ni la zamani, kabadilisha mwaka juu tu.

Haya, nimpe haki yake. Mwaka Kogwa aliandika "wiki ya nne ya Julai, tarehe nitathibitisha", na akathibitisha kweli, na akatutafutia gari ya kutupeleka Makunduchi asubuhi na mapema, ni mbali kidogo, kilomita sitini na kitu kutoka mjini. Huu mwaka haufuati mwezi wala haufuati Januari, ni mwaka wa Nairuzi, wa jua, siku 365 kavu, wazee wa kusini wanauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, wavuvi na wakulima wanajua muongo gani unapanda nini. Wanaume wamegawanyika pande mbili wanatandikana na mabua ya migomba, wanatandikana kweli, na lengo ukitoka hapo kinyongo cha mwaka mzima umekiacha uwanjani. Kibanda cha makuti kinachomwa na mtu yumo ndani anatoka mbio, mume wangu akaangusha simu. Wanawake wamevaa wanazunguka wanaimba mafumbo ya kuwasema wanaume, mengine nimeyaelewa na siwezi kuyaandika hapa. Halafu kule ni nuksi nyumba ikose mgeni siku hiyo, kwa hiyo mama mmoja hatumjui hata kidogo katushika mkono katuingiza ndani, wali, mchuzi wa pweza, tumekula mpaka tunaona haya. Ushauri mmoja tu, msivae nguo nyeupe. Mwanangu alichapwa kimchezo na watoto wenzake na utomvu wa mgomba hautoki, nimejaribu ndimu, nimejaribu jiki, fulana sa hizi natolea vumbi.

ZIFF, lile tamasha la filamu, tuliikosa, yeye kaandika Julai kama ilivyozoeleka na 2024 ikawa Agosti 1 mpaka 4. Desemba tumeghairi, bei za vyumba za Krismasi na mwaka mpya hazisemeki, hizo ni za Wazungu na watu wenye mishahara ya miradi.

Sa kwa anayetaka kujipangia mwenyewe, mi nakushauri chukua karatasi, kwanza andika Ramadhani inaangukia wapi, maana inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka na inasukuma kila kitu. 2026 ni katikati ya Februari na 2027 kama tarehe 8 Februari, kwa hiyo Busara subirini tarehe yao ndo mlipe. Halafu toa masika. Halafu Idi usikate tiketi ya kurudi, acha siku mbili za ziada au kata ya kwenda tu. Kusi kama unatapika kaa juu nyuma hewani usikae chini mbele. Na Forodhani uliza bei kabla hajaweka mshikaki kwenye moto, usiulize ukishauma.

Juzi jamaa kanitumia faili la 2025, eti mteja wa zamani ananipunguzia mpaka laki. Nimefungua, picha mitumbwi ile ile, Beit el Ajaib ipo, na Idi imewekwa tarehe kwa wino mzito. Nikamjibu, "Kaka, huo mwezi umeshaonekana?" Akanitumia vikaragosi vya kucheka. Nikamforwadia shangazi, akajibu kwa voisi dakika tatu nzima, nusu yake anakohoa kwa kicheko, mwishoni anasema nije na mchele wa Mbeya kilo tano na boti nikate ya kwenda tu.