Nilivyoihakiki mashine yangu ya kupimia sukari

Asubuhi moja, kabla sijatia chochote mdomoni, mashine ilinisomea sukari ya damu 11.8 (milimoli kwa lita). Siku zote huamkia saba na kitu. Nikarudia kidole kilekile: 12.1. Moyo ukanienda mbio, nikawa karibu kujiongezea dawa. Kilichonizuia ni kwamba kidole kilikuwa kinanata. Muda mfupi kabla nilikuwa nimemmenyea mtoto tunda, na utomvu ulikuwa bado umekauka kwenye ngozi. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha vizuri, nikatoboa kidole kingine: 7.6.

Hata hivyo wasiwasi ulishaniingia. Nikatoa kile kichupa cha maji ya kuhakikia, yenye sukari ya kiwango kinachojulikana, ambacho sikuwahi kukigusa. Unakitikisa, unaweka tone kwenye stripu, yaani kile kijikaratasi cha kupimia kinachochomekwa kwenye mashine, badala ya damu, kisha unalinganisha namba na kiwango kilichochapishwa kwenye kopo la stripu. Kopo langu liliandikwa 5.6 hadi 7.6. Mashine ikasoma 8.9. Nikafungua kopo jipya: 6.4. Kumbe mashine ilikuwa nzima, stripu ndizo zilizoharibika. Kifuniko cha kopo la zamani kilikuwa kimeegeshwa tu, na stripu zikipata unyevu haziaminiki tena hata kama tarehe yake haijapita. Kwa hili nawalaumu waliotengeneza: onyo hilo wameliandika kwa herufi ndogo mno.

Hatua ya mwisho niliipeleka mashine maabara nikiwa sijala, maana baada ya kula damu ya kidoleni huwa na sukari zaidi kuliko ya mshipani. Mtaalamu alipomaliza kunitoa damu mkononi, nikajitoboa papo hapo. Mimi 7.9, maabara 7.2. Nilivunjika moyo, lakini akanieleza kwamba kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 katika kila 100 yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Chini ya hapo, tofauti isizidi 0.83. Yangu haikufika hata asilimia 10. Nilimuuliza pia kuhusu mama, ambaye ana upungufu wa damu na huitumia mashine hiyohiyo. Akaniambia damu ikipungua, mashine nyingi husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo namba zake tusizitegemee bila kumwona daktari.

Nimeendelea nayo na ninaiamini. Inatoa jibu kwa sekunde 5 na tone inalohitaji ni dogo sana, huna haja ya kukikamua kidole. Kasoro inayoniudhi ni kwamba haitenganishi majibu ya damu na ya maji ya kuhakikia. Ile 8.9, pamoja na zile mbili za kidole kichafu, zote ziliingia kwenye wastani wa wiki ambao daktari aliusoma, na ilinibidi nimweleze moja baada ya nyingine. Sasa nina daftari, na za kuhakiki naziandika kwa kalamu nyekundu.