Dizeli ilinishinda, IST ya petroli inanitosha

Gari yangu ya kwanza ilikuwa dizeli yenye turbo, iliyotumika Japani. Niliinunua kwa pesa ya korosho, shemeji akiniapia kwamba dizeli haili mafuta. Kweli haikula. Ila safari zangu mimi ni misele tu ya hapa Mtwara mjini: Shangani, shuleni kuwaacha watoto, sokoni dukani kwangu. Dakika kumi nimefika, injini haijapata hata joto.

Mwezi wa nne taa ya injini ikawaka. Napima oili, nakuta imepanda juu ya alama. Nikafurahi, maana za wenzangu hupungua! Fundi wangu wa Chikongola alichovya kidole, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Inanuka dizeli.

Kumbe kwenye ekzosi kuna chujio la kunasa masizi, mafundi wanaliita DPF. Masizi hayo yanataka joto la kama nyuzi 600 ndipo yaungue, na joto hilo linakuja gari ikitembea barabara kuu mfululizo. Kompyuta ikiona chujio limejaa, inanyunyiza dizeli ya ziada ili kuyachoma. Mimi nazima gari katikati ya kazi, kesho inaanza upya, na dizeli nyingine inachuruzikia kwenye oili. "Mama, hii gari hujaitembeza, umeizungusha tu," akasema. Akanishauri niwe naipeleka Masasi mara kwa mara. Nikafanye nini Masasi?

Nikaiuza kwa jamaa anayebeba mizigo kwenda Dar karibu kila wiki, zaidi ya kilomita 500. Nilimweleza kila kitu, akacheka. Kwake haijawasha taa tena.

Sasa nina Toyota IST ya 2004, petroli, injini ya 1NZ. Ni cc 1,500, haina turbo, haina DPF, na ndani inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo sina habari za kubadilisha mkanda huo. Mjini inanipa kama kilomita 11 kwa lita. Nikienda Lindi inafika 15. Dizeli ilikuwa bora hapo, sikatai. Lakini nilichookoa sheli nilikuwa nakilipa gereji, na zaidi.

Ipo pia IST ya cc 1,300. Kama huendi popote nje ya Mtwara mjini na Mikindani, chukua hiyo. Mimi nina mama Newala, na kile kilima cha kupandia nikiwa na watu wanne na magunia mawili ya muhogo, hata hii ya 1,500 nazima AC na inalia kama cherehani. Kiti cha nyuma kinabana. Na mchanga wa kule Msimbati usiujaribu: tulisukuma mara mbili, mara ya pili nikiwa na nguo za harusi.