Banda la chuma la sungura: miezi minane nalo hapa Kihonda

Nililinunua Februari kwenye karakana moja ya kuchomelea hapa Morogoro. Jina silitaji, maana fundi mwenyewe ni muungwana na mageti yake hayana mpinzani. Shilingi 180,000: vyumba vitatu, paa la bati, wavu chini, trei ya kukinga uchafu, rangi ya kijani, na juu yake "zawadi" ya sungura wawili majike. Likaletwa kwa guta hadi barazani ninaposhonea. Mteja aliyekuja kupima gauni akasema, "Mama, mbona hawa wana nyumba nzuri kuliko yangu?"

Nianze na ninachokisifu. Usafi. Golori za mavi zinapita kwenye wavu, mkojo unatiririka kwenye trei hadi kwenye dumu, nao nauzimua kwa maji mengi na kuumwagia mchicha. Jirani yangu alinilaumu kwamba wavu unawadhulumu, kwa sababu alishasikia kuwa sungura hula mavi yake. Anakula kweli, ila si hizo golori kavu. Kuna mengine laini, yanayong'aa, yameshikana kama kishada kidogo cha zabibu, na hayo anayadaka kwa mdomo yanapotoka tu, chini hayafiki. Nilimwona mmoja ameinamisha kichwa kati ya miguu nikadhani anajisafisha. Majani anayokula huchachukia mwishoni mwa tumbo, ambako mwili hauwezi tena kufyonza kila kilicho chema, basi inabidi apitishe mzigo mara ya pili. Kwa hiyo hapo fundi hana kosa.

Kosa lake linaanzia kwenye nyayo. Paka ana visigino laini vya nyama, sungura ana manyoya tu chini ya mguu. Kufika Aprili yule mkubwa alikuwa amenyonyoka kisigino kimoja, pekundu kabisa. Nikawatandikia kipande cha mkeka, wakaula kwa siku mbili. Sasa wana ubao wa kulalia katika kila chumba na kidonda kimefunga. Ubao huo ulitakiwa uje na banda.

Rangi nayo wameitafuna. Meno ya mbele ya sungura hayakomi kuota, karibu sentimita moja kwa mwezi, lazima asage kitu. Ukimpa chuma kitupu atasaga chuma. Mimi nawawekea nyasi kavu kutwa na matawi ya mpera, wakaachana na nondo.

Bati sitalisemea sana. Morogoro mwezi wa pili mnaijua. Sungura hatoki jasho, joto lake analitolea masikioni. Ukiona masikio yamelala mgongoni na pua inahema haraka haraka, ujue anaungua. Nililisogeza banda chini ya mwembe na kuweka gunia lenye maji juu ya paa. Mchana wa jua kali nawapa chupa ya maji yaliyoganda waiegemee.

Sasa tuje kwenye kilichoniuma. Wale majike wawili, mmoja alikuwa dume. Na jike la sungura halisubiri siku zake kama mbuzi: yai linashuka baada ya kupandwa, kwa hiyo dakika moja inatosha. Siku 31 baadaye nilimkuta kabeba nyasi kavu mdomoni, anazunguka vyumba vyote vitatu, ananyofoa manyoya ya kifua chake mwenyewe. Kisanduku cha kuzalia kilikuwepo, lakini nacho cha wavu, mwanga unaingia kila upande. Hakukitaka. Akazaa kwenye kona, juu ya wavu mtupu. Watoto sita. Wawili niliwakuta asubuhi wamepoa, miguu imenasa kwenye matundu.

Mimi nimekulia Gairo, sungura niliyemjua ni yule wa porini. Yule hachimbi, analala kwenye kishimo cha kina cha bakuli katikati ya nyasi, na mtoto wake anazaliwa na manyoya na macho wazi. Kaka yangu aliwahi kumleta mmoja nyumbani, kadogo kuliko ngumi, kakawa kanatukodolea macho usiku kucha. Huyu wa bandani ni kabila lingine, hata wakikutana hawazaliani. Asili yake Hispania na Ureno, ni mchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, macho hufunguka kama siku ya kumi. Wanaishi kwa giza, manyoya ya mama na joto la wenzao. Fundi aliwajengea hewa na mwanga, kama kuku.

Nilipompigia simu akanishauri nimuuze yule mama, eti hana huruma, hakai na watoto. Hata mimi nilishaanza kumshuku. Kumbe ndivyo walivyo: ananyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache, kisha anaondoka zake, asije akawaonyesha maadui kiota kilipo. Dalili ni tumbo la mtoto. Asubuhi nilifunua manyoya, nikakuta matumbo manne yamejaa kama puto.

Seremala alinitengenezea sanduku la mbao kwa 15,000, lina mfuniko na mlango mmoja wa kumtosha mama. Aliingia siku ile ile. Uzao wa Julai walikuwa saba na wote wako hai. Usumbufu uliobaki ni wa usiku: paka akipita, dume anapiga mguu wa nyuma kuwatahadharisha wenzake, na juu ya trei ya bati mlio huo unaamsha nyumba nzima.

Fundi alikuja wiki iliyopita na futi yake kupima lile sanduku. Akauliza kwa nini limezibwa hivyo, mtu ataonaje ndani? Nikamwambia aingize mkono. Anasema wateja wapya atawawekea kwa nyongeza ya 20,000. Mkienda, mwambieni aondoe rangi, aweke sanduku, bei ibaki pale pale. Na sungura wa zawadi mgeuzeni kwanza mumtazame.