Waleti ya kifaa ya kutunzia bitcoin: ipi ununue, ipi uiache, na ikishafika uifanyeje

Nianze na jibu kabisa wakuu, maana najua wengi mnataka jibu kwanza maelezo baadaye. Kama unatumia simu tu na huna kompyuta, chukua Blockstream Jade. Kama una laptopu, au Android inayokubali waya wa USB, Trezor Safe 3 toleo la bitcoin tu. Ukiwa na hela ya kuongeza kidogo, BitBox02. Ukiwa na mzigo mkubwa na uvumilivu wa kujifunza, Coldcard. Ledger naiweka mwisho na sababu ntazieleza. Ila kabla hujatoa hata senti soma mpaka chini, kwa sababu watu wengi wanaopoteza bitcoin zao wakiwa na hivi vifaa hawapotezi kwa sababu walichagua kifaa kibaya, wanapoteza kwa jinsi walivyokinunua na jinsi walivyotunza yale maneno ya siri ya kurudishia waleti.

Tuelewane kwanza kitu kimoja. Bitcoin haikai ndani ya kifaa. Iko kwenye daftari la mtandao wenyewe, kifaa kinatunza ufunguo wa siri wa kuihamisha, na kazi yake kubwa ni kusaini muamala humo humo ndani ili ule ufunguo usiguse simu yako au kompyuta yenye virusi. Ni kama laini ya simu: simu ikiibiwa hela zako za M-Pesa haziendi popote, unarudisha laini maisha yanaendelea. Tofauti ni kwamba huku hamna duka la kurudisha laini. Kuna maneno 12 au 24 uliyoandika siku ya kwanza basi, mwenye hayo maneno ndio mwenye hela, awe wewe au mwizi.

Na unakihitaji kweli? Kama una bitcoin ya dola 100, usinunue kifaa cha dola 80, weka kwenye waleti nzuri ya simu kama BlueWallet, andika maneno yako, endelea kukusanya. Mimi naona ukifika kwenye kiasi ambacho kikipotea utakosa usingizi wiki nzima, hapo sasa ndio muda wake. Usisubiri sana pia huku kila kitu kiko kwenye soko la mtandaoni la kununua na kuuza kripto, Mt. Gox ilianguka 2014, FTX ikaanguka Novemba 2022, na kote huko watu waliamka asubuhi wakaona namba kwenye skrini lakini hela haitoki.

Sasa twende kwenye vifaa vyenyewe. Mimi napanga kwa mambo manne: kinafanya kazi na simu? programu yake iko wazi watu wakaikagua? kinashughulika na bitcoin peke yake? na mpaka kinakufikia mkononi kimekula shilingi ngapi? Hilo la mwisho watu wanalisahau, bei ya kwenye tovuti sio bei yako, ongeza usafiri, ongeza ushuru, ongeza VAT ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania bara 18, kifaa cha dola 80 kinaweza kukukuta kimeshavuka 120 hivi hivi.

Namba moja Jade, na naongelea ile ya kawaida, sio lazima ile mpya zaidi inayoitwa Plus. Inatengenezwa na Blockstream, ilitoka 2021, ni moja ya vifaa vya bei nafuu kwenye kundi hili, na inaongea na simu kwa Bluetooth, iwe Android au iPhone, kwahiyo hauhitaji kompyuta kabisa. Ina kamera, ukitaka unaweza kufanya kila kitu kwa kuskani QR bila waya wala Bluetooth. Programu yake iko wazi, yeyote anaweza kuikagua. Ubaya wake ni kwamba haina chipu maalum ya usalama, badala yake wakaja na ujanja mwingine: siri zako zimefungwa ndani ya kifaa lakini sehemu ya ufunguo wa kuzifungulia iko kwenye seva yao, ambayo yenyewe haijui wewe ni nani wala una shilingi ngapi, na pini ukiikosea mara tatu kinajifuta. Wengine hawapendi habari ya seva. Sawa, ila kumbuka hata ile seva ikizimwa kesho, maneno yako yanafunguka kwenye waleti nyingine yoyote, hela haipotei. Kwa mtu wa huku ambaye kila kitu chake kiko kwenye simu sijaona kinachoishinda kwa bei hiyo.

Namba mbili Trezor Safe 3. Hawa SatoshiLabs wa Prague ndio walioanza biashara hii, Trezor ya kwanza ilitoka 2014. Ile ya zamani, Model One, msinunue tena hata ukiiona bei ya kutupa, watu wa soko la kripto la Kraken walionyesha 2020 kwamba mtu akiishika mkononi kama dakika 15 na vifaa vyake anaweza kutoa siri zote. Safe 3 ilitoka 2023 kwa dola 79 ikiwa na chipu ya usalama, na kuna toleo la bitcoin tu, chukua hilo, programu ikiwa fupi na makosa yanapungua. Ina vitufe viwili na kioo kidogo, inatosha. iPhone haishiki, utaishia kuangalia salio tu, Android inashika kwa waya. Alafu kuna kitu kimoja wengi hawakijui: siku hizi Trezor wakati wa kuanzisha inakupa maneno 20 ya mtindo wao, sio yale 12 au 24 yanayokubalika karibu kila mahali. Sio mabaya, ila kesho kifaa kikiharibika na huwezi kupata Trezor nyingine haraka utahangaika. Pale mwanzoni kabisa kuna sehemu ya kubadilisha, chagua 12.

BitBox02 ni ya Waswisi, iko wazi, ina toleo la bitcoin tu, na programu yake kwa mtu asiye fundi ndio nzuri kuliko zote hizi, kila hatua inakueleza. Inaingia kwenye Android moja kwa moja kwa USB-C. Bakapu yake inaandikwa kwenye memori kadi ndogo, jambo ambalo ni rahisi ila ni hatari ukizembea, maana hiyo kadi ni hela tupu, yeyote akiichomeka kwenye kifaa chake kazi imeisha. Maneno pia unaweza kuyatoa ukayaandika na nakushauri ufanye hivyo. Isingekuwa bei ningeipandisha.

Coldcard ya Coinkite, Toronto. Hii ni ya watu waliojitoa. Ina vitufe vya namba kama kikokotoo, unaweza kuitumia maisha yake yote bila kuichomeka kwenye kompyuta, unahamisha miamala kwa memori kadi, na ile kubwa inayoitwa Q ina kibodi kamili, kamera ya QR na inatumia betri tatu za AAA za dukani. Ina pini za kutishiwa, yaani mtu akikushikia panga unampa pini nyingine inafungua waleti yenye vijisenti, na kuna pini nyingine ukiibonyeza kifaa kinakufa hapo hapo. Lakini ukikosea pini mara 13 kinakufa pia, moja kwa moja. Kama hujawahi kutumia Sparrow, programu ya waleti ya kompyuta, wala hujui faili la muamala ambalo halijasainiwa ni nini, usianzie hapa.

Kuna wanaopenda kujitengenezea, kwao ipo SeedSigner: unanunua Raspberry Pi Zero, kamera na kioo kidogo, unaweka programu, kifaa chenyewe hakihifadhi chochote, kila ukiwasha unakiingizia maneno yako kwa QR. Nzuri sana kwa sababu hakuna kampuni inayojua umenunua waleti. Kwa anayeanza hapana.

Ledger sasa. Ni Wafaransa, wanauza sana, na Nano S Plus, iliyotoka 2022 kwa dola 79, chipu yake ni imara, hilo sibishi. Shida zangu mbili. Fimwea yao, yaani programu ya ndani ya kifaa, haiko wazi, na Mei 2023 walipotangaza huduma ya Recover, ya kugawa siri yako vipande vitatu na kuvipeleka kwa kampuni, watu ndio wakagundua kwamba kifaa kinaweza kuitoa siri nje ikiwa fimwea itaruhusu. Ya hiari, ndio, ila mimi hilo linanitosha. Pili, 2020 data za wateja wao ziliibiwa, Desemba mwaka huo majina, simu na anwani za nyumbani za watu kama 272,000 zikamwagwa mtandaoni, na baadae kuna waliopelekewa kwa posta vifaa feki vya Ledger vikiwa na barua nzuri kabisa ya kuwaomba wahamie huko. Kama unayo tayari usiitupe, itumie vizuri. Kama unanunua leo, kuna bora zaidi hapo juu.

Hiyo habari ya anwani inatuleta kwenye kununua. Agiza kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa muuzaji aliyeandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, basi. Tumia sanduku la posta au anwani ya ofisi, sio nyumbani. Usinunue kwa mtu wa Instagram, usinunue iliyotumika, usipokee ya zawadi. Mei 2023 Kaspersky, wale wa programu za kuzuia virusi, walielezea Trezor Model T feki iliyonunuliwa kwenye tovuti ya matangazo ya kuuziana vitu: boksi safi, stika za hologramu ziko sawa, kinawaka na kufanya kazi kama kawaida, ila chipu ndani ilikuwa imebadilishwa na maneno "mapya" yalikuwa yanachaguliwa kutoka kwenye orodha ya 20 ambayo mwizi anayo tayari. Mwenyewe akaweka hela, mwizi akasubiri, akazoa. Na kuna aina nyingine ya kizamani, ndani ya boksi unakuta kikaratasi cha kukwangua kama vocha chenye maneno yako tayari. Jamani, maneno yanatengenezwa na kifaa mbele yako, kwenye kioo chake. Ukikuta yameshaandikwa mahali, usiweke hata shilingi.

Kikishafika fanya hivi na usiruke. Programu idaunilodi kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti, sio kwa kubonyeza tangazo la kwenye Google, programu feki ziko nyingi na zote zinaishia kukuomba maneno 12. Apdeti fimwea kabla hakijaingia chochote. Tengeneza waleti, andika maneno kwa kalamu. Hamna picha, hamna skrinishoti, hamna kujitumia WhatsApp. Maneno ni ya Kiingereza, Kiswahili hakimo kwenye orodha zile, kwahiyo nakili herufi kwa herufi. Tuma kiasi kidogo. Alafu, na hapa ndio watu wanapokwepa, futa kifaa kabisa, anza upya, ingiza maneno kutoka kwenye karatasi, uone kama zile hela zinarudi. Zikirudi unajua karatasi yako ni sahihi, zisiporudi umepoteza kidogo tu badala ya vyote. Baada ya hapo ndio uhamishe mzigo.

Kila ukipokea, linganisha anwani iliyoko kwenye simu na iliyoko kwenye kioo cha kifaa. Kuna virusi vinabadilisha anwani uliyokopi ukaja kubandika ya mwizi. Kioo cha kifaa ndio cha kuaminiwa, simu hapana. Februari 2025 soko la kripto la Bybit waliibiwa ether, sarafu nyingine ya kripto, za karibu dola bilioni 1.5 wakiwa na vifaa vya kusainia mkononi, ukurasa wa kompyuta ulionyesha kitu kimoja na wao wakasaini kitu kingine.

Na usitoe vijisenti vijisenti kutoka kwenye soko kwenda kwenye waleti, kila kipande unachopokea utakilipia ada siku ya kukitumia. Tarehe 20 Aprili 2024, siku ya halving, yaani zawadi ya wachimbaji wa bitcoin inapokatwa nusu, ada ya wastani ilipita dola 100. Kusanya kwanza, hamisha kwa mkupuo.

Karatasi inaungua na inaliwa na mchwa, kwahiyo maneno yahamishie kwenye chuma. Sahani za kuagiza zina bei, ila kuna njia nzuri ya kienyeji. Nenda Gerezani ya Dar es Salaam au duka lolote la vifaa vya ujenzi, nunua washa za stenlesi zenye upana wa kutosha, moja kwa kila neno, bolti, nati mbili na seti ya paunchi za herufi na namba. Kila washa piga namba ya neno kwanza, kisha herufi nne za mwanzo za hilo neno, zinatosha, kwa sababu kwenye orodha yote ya maneno 2048 hakuna mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Zipange kwenye bolti kwa mfuatano, kaza. Piga mwenyewe, mlango umefungwa, usimpe fundi akuchongee, maana atakuwa amesoma. Tengeneza seti mbili za hivyo, uziweke sehemu mbili tofauti, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu unayemwamini au kijijini.

Kuna habari ya neno la ziada unalojichagulia mwenyewe juu ya yale maneno, wanaita neno la 25. Linaongeza ulinzi kweli, ila ukilisahau hela imeenda na hakuna wa kumpigia. Kama unaanza achana nalo.

Usitangaze kwamba unayo. Januari 2025 huko Ufaransa mmoja wa waanzilishi wa Ledger alitekwa na kukatwa kidole na watu waliotaka fidia ya kripto. Mtu mmoja tu ajue, mke, mume, dada, yule ambaye ukiondoka ghafla ndio atahangaika na watoto. Mwandikie kwenye karatasi kwa lugha rahisi: kifaa kiko wapi, washa ziko wapi, afungue na programu gani, na kwamba asimpe mtu yeyote yale maneno hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni. Na ikiwezekana mkae naye jioni moja afanye mwenyewe kurudisha waleti kwa maneno ya majaribio wewe ukiangalia bila kugusa simu, pale atakapokwama ndio pa kuongeza maelezo kwenye hiyo karatasi.