Maonyesho ya ndege ya AAD, Waterkloof: nenda siku za biashara

Kama kazi yako inagusa ndege kwa namna yoyote, uwe fundi, rubani, mwanafunzi wa chuo au mwenye kampuni ya kukodisha ndege ndogo, maonyesho ya Africa Aerospace and Defence (AAD) kule Afrika Kusini ni safari ya kuiwekea akiba. Mimi ni fundi wa ndege. Nashika spana kila siku kwenye Cessna zinazopeleka watalii mbugani, na nilikwenda kwa nauli yangu, hakuna aliyenilipa niyasifu. Kwa hiyo haya ni ya fundi. Mpenzi wa ndege za kivita ataandika yake.

AAD hufanyika Septemba, kila baada ya miaka miwili, katika kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, Centurion, kusini kidogo ya Pretoria. Ya 2020 haikufanyika kwa sababu ya korona. Ya 2024 iliangukia tarehe 18 hadi 22. Jumatano mpaka Ijumaa ni siku za biashara, na Jumamosi na Jumapili umma unaingia na ndege zinaruka tangu asubuhi. Mtanzania haombi viza kwa ziara fupi, anaingia na pasipoti yake. Kutoka uwanja wa ndege wa O. R. Tambo unapanda treni ya Gautrain, unabadilisha kuelekea Pretoria, unashuka Centurion. Treni ni safi na inafuata saa. Asubuhi ya Septemba huko kuna baridi ya kuvaa koti, lakini ikifika saa sita jua linachoma kwelikweli, na pale kwenye lami ya maegesho ya ndege hakuna mti hata mmoja. Beba kofia na maji, na uvae viatu ulivyokwisha kuvizoea. Chakula cha ndani ni ghali kuliko cha mjini, kwa hiyo kula kabla ya kuingia.

Watu wengi huniuliza: siku za biashara au za umma? Nenda siku za biashara. Za umma zina raha yake, watoto wanafurahi, ngurumo za injini zinatikisa kifua, lakini utasimama nyuma ya umati na ndege utaziona kwa mbali. Siku za biashara unaweza kuinama chini ya bawa, ukamuuliza mtu aliyeliunda kwa nini alifanya hivi badala ya vile, na yeye ana muda wa kukujibu. Unajisajili mapema ukieleza kazi yako. Leseni yako ya ufundi au barua ya mwajiri iwe karibu.

Nilichokifuata mimi ni ndege za Sling. Hawa wanaundia ndege zao Tedderfield, kiwanja kidogo kusini mwa Johannesburg, na kampuni ilianza ikiitwa The Airplane Factory. Waanzilishi wake, Mike Blyth na James Pitman, walichukua ndege yao ya viti viwili mwaka 2009 wakaizungusha dunia. Kwangu hilo lina uzito kuliko tangazo lolote la gazeti, maana mtu asiyeamini kazi ya mikono yake hawezi kuvuka nayo bahari. Halafu mwaka 2019 vijana 20 wa shule wa Afrika Kusini waliunganisha Sling 4, ya viti vinne, iliyokuja kama kifurushi cha vipande, na ndege hiyo ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, huku vijana wenyewe wakiwa marubani. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo. Kuiona ndege ya aina ile kwa karibu ndiko kulikonifanya nielewe imewezekanaje.

Imewezekana kwa sababu ya matundu. Kila kipande cha bati la alumini kinatoka kiwandani kikiwa kimeshatobolewa na mashine inayoongozwa na kompyuta, kiasi kwamba tundu la kipande hiki likikutana na tundu la kile, vipande vimeshakaa mahali pake. Hakuna haja ya lile fremu kubwa la chuma la kushikilia ndege nzima wakati wa kuiunganisha. Nilipitisha kidole gumba kwenye mstari wa riveti, vile vipini vinavyobana mabati, chini ya bawa, kuanzia kwenye kiungio cha mwili mpaka karibu na ncha. Nafasi kati ya riveti na riveti haikubadilika, na sikukuta bati lililovimba hata mahali pamoja. Fundi yeyote aliyewahi kutoa riveti mbovu kwenye mkia wa Cessna 206 ya zamani, akakuta chini yake tundu limechongeka umbo la yai, atajua kwa nini nilirudia mstari ule.

Kifuniko cha injini kilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na Rotax 915 iS, nguvu farasi 141, yenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Wengine wataona mtindo tu hapo, ila sisi tunaofanya kazi nyanda za juu tunaijua maana yake. Injini isiyo na tabo inapoteza pumzi kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, na kiwanja kilicho juu wakati wa joto la mchana kinahitaji mbio ndefu kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Waterkloof yenyewe iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo watu hawa wameunda ndege kwa ajili ya hali ya kwao, na hali ya kwao inafanana na ya Arusha au Nairobi. Jambo jingine ni kwamba Rotax inakubali petroli ya magari yenye kiwango kinachofaa. Ukishafuatilia pipa la petroli maalumu ya ndege mpaka likafika kwenye kiwanja cha porini, unajua hilo lina thamani gani.

Kuna kijana alinisogelea nikiwa nimechungulia mle ndani. Kwao Lubumbashi, anasomea ufundi wa ndege hukohuko jimbo la Gauteng, na siku ile alikuwa mgeni kama mimi. Aliposikia nazungumza Kiswahili kwenye simu akacheka kwa furaha. “Dada, mbele pale wote wanaangalia viti vya ngozi. Njoo huku kwenye tangi la oili.” Akanionyesha jinsi Rotax inavyotaka ukaguliwe: unazungusha propela kwa mkono, polepole, kwa upande inaozungukia, mpaka usikie oili ikibubujika kwenye tangi lake la pembeni. Hapo ndipo unachomoa kijiti cha kupimia na kusoma. Ukisoma kabla, kipimo kinakudanganya, utaongeza oili isiyotakiwa. Mimi nilikulia kwenye injini za Lycoming na Continental ambazo hazina jambo hilo, na sitasahau nani alinifundisha. Tulikaa pale muda mrefu tukibishana kuhusu giaboksi inayopunguza mzunguko wa propela: yeye anaipenda, mimi naiona kama kitu kimoja zaidi cha kukagua.

Sio kila banda lilikuwa hivyo. Kwenye banda la kampuni moja kubwa niliuliza swali rahisi, kipuri fulani kinakaguliwa kila baada ya saa ngapi za kuruka. Kijana wa mapokezi akatazama kitambulisho changu, akaona sina cheo cha kununua kitu, akanipa kijitabu cha picha na kumgeukia bwana mwenye suti aliyekuwa nyuma yangu. Iliniuma. Makampuni yanayotaka soko la Afrika yajue kwamba fundi ndiye anayeulizwa na tajiri wake, “Hii ndege tununue?” Ukimdharau fundi, umeshajibiwa.

Sasa niseme jambo ambalo haliepukiki ukiwa pale: sehemu kubwa ya maonyesho ni silaha. Makombora, magari ya deraya, mizinga, vyote vimepangwa na kung'arishwa. Mimi sina furaha na mabanda hayo na nilipita haraka. Lakini huwezi kuuelewa ufundi wa Afrika Kusini ukaukwepa ukweli huu. Kiwanda cha ndege cha Atlas kilianzishwa miaka ya 1960 na serikali ya ubaguzi wa rangi. Umoja wa Mataifa ulipoifungia nchi ile silaha mwaka 1977, wakalazimika kujitengenezea: ndege za kivita za Mirage zikageuzwa kuwa Cheetah, na helikopta za Puma zikazaa Oryx. Ndege za jeshi lile zilipelekwa kuwapiga majirani, Angola wanajua. Ujuzi ulipatikana kwa gharama ya damu ya watu wetu, na ni haki mtu akisimama mbele ya vyuma vile akalikumbuka hilo.

Rooivalk ndiyo iliyonisimamisha. Helikopta hiyo iliruka mara ya kwanza 1990, jeshi likapata 12 tu, na hakuna nchi nyingine iliyoinunua. Ilizaliwa kwenye vita vya ubaguzi, lakini vita vyake vya kwanza ilikuja kuvipigana Novemba 2013 mashariki mwa Kongo, chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, dhidi ya waasi wa M23. Brigedi iliyokuwa chini ardhini ilikuwa ya Afrika Kusini, Malawi na Tanzania, na kamanda wake alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Vijana wetu walipigana kule wakiwa na mashine hii juu yao. Nilisimama mbele ya pua yake nikiwaza hivyo, na sikuweza kuichukia.

Jirani yake kwenye mazungumzo ya watu, ingawa si kwa umri, ni ndege iitwayo Mwari. Ilianza kwa jina la AHRLAC, ikaruka mara ya kwanza Julai 2014 kutoka Wonderboom, kaskazini mwa Pretoria. Ina propela nyuma, mikia miwili, na kioo kikubwa mbele ambapo rubani haoni injini, anaona ardhi tu. Ni ndege ya doria, na inaweza kubeba silaha. Nikiiangalia mimi naona kazi ya kulinda tembo na kukagua mipaka ya hifadhi, kwa sababu rubani wa doria shida yake kubwa ni kuona chini. Bei yake sidhani kama hifadhi zetu zitaimudu, ila wazo la mwili wake ni zuri sana.

Sehemu ambayo wageni wengi huipita bila kuangalia ni mabanda ya watengeneza vipande. Aerosud ya Centurion, iliyoanzishwa 1990 na wahandisi waliotoka kwenye kazi ya Rooivalk, hutengeneza sehemu za ndege za Airbus na Boeing. Hakuna anayepiga picha na kipande cha plastiki ngumu au mabano ya alumini. Mimi ningesema hapo ndipo penye somo. Ndege nzima inahitaji mabilioni na ujasiri wa serikali. Kipande kimoja kinachokubaliwa na Airbus kinahitaji karakana safi, mashine zinazopimwa usahihi kila mara, na makaratasi: bati lilitoka wapi, nani alilikata, nani alilikagua, lini. Huko kwenye makaratasi ndiko wengi wetu tunakoanguka. Mikono tunayo.

Nasema hivyo nikiwa na Morogoro kichwani. Pale kuna Airplanes Africa Limited, wanaunganisha ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Czech, viti viwili, injini za ukoo huohuo wa Rotax. Watu wakisikia husema ni kuunganisha tu, si kuunda. Lakini Atlas nao walianza kwa kuunganisha ndege za Impala kutoka vipande vya Kiitaliano, na mafundi waliofunga bolti zile ndio waliowafundisha waliofuata. Ningependa sana vijana wa Morogoro, na wale wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wapelekwe Waterkloof siku za biashara, kila mmoja akiwa na daftari na maswali kumi. AAD ina programu maalumu ya vijana wa Afrika Kusini, niliwaona wamevaa fulana za rangi moja wakizungushwa banda hadi banda na watu wanaowaeleza kwa subira. Watoto wa kike walikuwa wengi katika kundi lile, na mmoja alikuwa amelala chali chini ya gurudumu la mbele la ndege ya mafunzo akiandika.

Kama nitatoa alama, kwa fundi ni nane kwa kumi. Mbili nimeziondoa kwa sababu ya uzito wa silaha kuliko ndege za kiraia, na kwa mabanda yanayoongea na suti peke yake. Kwa mwenye kampuni ndogo anayefikiria ndege mpya ya kufundishia au ya kubeba abiria watatu, nenda, lakini usiweke saini pale pale. Omba kwenda Tedderfield kukiona kiwanda kwanza, na uulize vipuri vitakufikia kwa siku ngapi na nani katika Afrika Mashariki ana idhini ya kuifungua injini hiyo. Kisha uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga nyumbani kama ndege iliyounganishwa kutoka kifurushi itaruhusiwa kubeba abiria wa kulipa, maana hiyo ni ngazi nyingine kabisa ya vibali, na muuzaji hatakuwa wa kwanza kukwambia.