Juzuu ya umri ya Sensa ya 2019, kwa jicho la muuza sare

Nauza sare za shule Mombasa, na kitabu ninachokisifu leo hakikuandikiwa watu wa biashara yangu. Ni Juzuu ya III ya ripoti ya Sensa ya Kenya ya 2019, ile inayoonyesha watu kwa umri, jinsia na maeneo ya utawala. Imetolewa na Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, na kwenye tovuti yao unaipakua bure. Naipa nyota nne kati ya tano, na ningependa kila mwenye duka, zahanati au madrasa Pwani hii aifungue kabla hajalipa kodi ya chumba kipya.

Wengi wetu tunaijua sensa kwa jumla zake tu: Wakenya 47,564,296, na asilimia 75 wako chini ya miaka 35. Ukiishia hapo utadhani Kenya nzima ina sura moja. Utamu wa juzuu hii uko kwenye jedwali la kaunti na kaunti ndogo, ambapo umri umepangwa kwa makundi ya miaka mitano na, ndani ya kila kundi, mwaka mmoja mmoja. Hapo ndipo niliposhika kalamu.

Tuanze na kwetu. Mombasa imejaa katikati: vijana wa miaka ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu. Hawa ni watu wa kazi, wa bandarini, wa viwanda vya Changamwe, wa hoteli za Nyali, na wengi wao watoto wamewaacha kwao. Kisha fungua Ganze kule Kilifi, au Kinango kule Kwale. Huko uzito wote uko chini, kwa watoto. Angalia na jinsia: Mombasa wanaume ni 610,257 na wanawake 598,046, lakini Kilifi wanaume ni 704,089 na wanawake 749,673. Wanawake wamezidi kwa zaidi ya 45,000! Waume wa Kilifi wako wapi? Si wachache walioko huku kwetu, na wengine Nairobi. Kwa hiyo mteja anayeninunulia sare huku mara nyingi ananunua ya mtoto anayesoma kwengine, anabeba mfuko mpaka stendi ya matatu. Nilikuwa nikiliona jambo hili kaunta kila Januari, wakati wa kufungua shule, ila sikuwa na namna ya kulipima.

Taita ni habari nyengine kabisa. Kaunti ndogo ya Taita, yaani milima ya Wundanyi, ina watu 55,959 tu, na Voi chini yake ina 111,831. Ukifuata safu za wazee, kuanzia miaka 65 kwenda juu, utaona milimani zina uzito ambao Mombasa hazina. Sababu zinajulikana: watu wa milimani walianza zamani kuzaa watoto wachache, na vijana wakimaliza shule huteremka Voi na Mombasa, nyumba wakabaki nazo baba na mama. Shemeji yangu ana duka la dawa kule. Rafu zake za mbele ni za presha na sukari, sharubati za kikohozi za watoto amezisukuma nyuma. Mwenzake wa Mariakani, kule Kilifi, kapanga kinyume chake. Wote wawili wako Pwani moja, na wanaagiza mzigo kutoka mji mmoja.

Sasa matumizi. Mtoto aliyeandikwa hajatimiza mwaka sensa ilipofanywa Agosti 2019 alikuwa ameshafikisha miaka sita kufika Agosti 2025, umri wa Gredi ya 1. Aliyekuwa na miaka sita wakati wa sensa alikuwa ameshafika sekondari ya chini mwaka huo wa 2025, anataka suruali ndefu na sweta kubwa. Nikaandika mstari kwa mstari, kaunti ndogo kwa kaunti ndogo, nikajua wapi nipeleke saizi ndogo kwa wingi na wapi majora ya kitambaa cha sketi ndefu. Jambo moja lilinishtua: kwa Kenya nzima, watoto wa miaka 0 hadi 4 ni wachache kuliko wa 5 hadi 9, na hao ni wachache kuliko wa 10 hadi 14. Kwa muuza sare hilo si jambo dogo.

Nyota ya tano naizuia kwa mambo mawili. Kitabu ni cha Kiingereza kitupu, na watu walioulizwa maswali ya sensa kwa Kiswahili wanastahili kupata majibu kwa Kiswahili. Pili, ile hesabu ya mwaka mmoja mmoja haiaminiki sana kwa watu wazima. Utaona 30 imerundikana kuliko 29 na 31, na 40 vilevile, kwa kuwa asiyejua mwaka wake hutaja namba ya mviringo. Kwa watu wazima soma makundi ya miaka mitano. Kumbuka pia kwamba watu wa jinsia mseto, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, 1,524 nchini kote, wamehesabiwa kwenye jumla lakini hawamo kwenye jedwali za umri, kwa hiyo hesabu zikitofautiana kidogo usihangaike.

Usiichape yote, ni nene mno na karatasi ni ghali. Chukua kurasa za kaunti yako na za jirani zako, uziweke ubavu kwa ubavu. Mimi nilitaka kufungua tawi Kisauni, kwa kuwa ndiyo kaunti ndogo yenye watu wengi zaidi Mombasa, 291,930. Baada ya kulinganisha safu za watoto nimekwenda Mariakani, na fundi wangu wa pili ameshahamia huko na cherehani zake.