Kabla hujanunua kompyuta ya viini vingi: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Vijana wanaochakata picha za mikorosho huniuliza, "Kaka, ninunue yenye viini vingapi?" Viini ni sehemu za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Nami huwauliza kwanza: kazi yako unaikata vipande vya ukubwa gani?

Aliyewahi kukaa na wabanguaji ataelewa upesi. Ukimpa mtu korosho moja moja, kila mara ainuke kufuata nyingine, siku inaishia njiani. Ukiwapa wanne gunia zima zima, na mmoja akaangukia gunia la korosho ndogondogo, watatu watamaliza na kukaa wakimsubiri. Mimi niligawa picha za majani yenye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mstari kwa mstari. Viini sita vikachelewa kuliko kimoja, maana muda wote ulikwenda kwenye kugawa na kukusanya. Nilipogawa picha ishirini ishirini, mashine ileile ikakimbia. Sikuongeza hata shilingi.

Ukishalitengeneza hilo, ya kwanza kwangu ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Ryzen 5 5600G au Core i5-12400: viini 6, nyuzi 12 (kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja), wati 65. Kila kiini kina kasi, kwa hiyo hata sehemu isiyogawika haikwami. Na hiyo ndiyo inayobana: kwa hoja ya mbunifu wa kompyuta Gene Amdahl ya 1967, sehemu moja ya kumi ya kazi ikilazimika kwenda kwa foleni, hata viini elfu havitakuvusha mara 10.

Ya pili, mashine ya ofisi iliyotumika yenye Xeon E5-2680 v4. Viini 14, lakini kimoja kimoja kinakwenda taratibu, hivyo inafaa kwa vipande vikubwa visivyotegemeana. Prosesa peke yake ni ya wati 120. Kwa joto letu la Januari, usiifungie chumba kisicho na hewa.

Ya tatu ni Core i7-4770 ya 2013, viini 4. Mwanafunzi inamtosha kabisa: kosa la vipande vidogo linaonekana hapo vilevile.

Laptopu nyembamba naiweka mwisho. Ikipata moto inapunguza kasi yenyewe, viini viwe vingapi. Inunueni tu kama umeme wenu unakatika sana na mnahitaji betri.

Dukani nenda na flashi yenye programu yako. Iendeshe kwa kiini kimoja, kisha kwa vyote, uiache nusu saa huku umeweka mkono nyuma ya feni. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.